Mkanda wa askari na ngata ya mpagazi

Ndugu msikilizaji, wiki hii napenda tuzungumze juu ya mizigo. Sina maana ya mizigo ya madeni wala ya mawazo, kwani hiyo kila mmoja wetu anaijua kwake. Nina maana ya mzigo wenyewe, wenye kilo, ule unaoinuliwa kutoka chini na kuwekwa mwilini mwa mtu. Na katika mizigo yote nimechagua ule wa askari: mikanda, mifuko ya risasi, shanta, na ile mikoba ya turubai inayovaliwa kifuani, ambayo vijana huiona katika picha za vita, na wengine huitafuta ikiwa imechakaa kwa sababu tu inapendeza macho. Nimechagua pia mahali, napo ni Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Nia yangu ni kueleza vifaa hivyo hufanyaje kazi, na kisha kuuliza swali ambalo mara nyingi halijaulizwa: askari alipobeba kile kilichoenea katika mkoba wake, kilichobaki alikibeba nani?

Tuanze na ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na ushei. Ishike kwa mkono mmoja na utembee nayo hatua mia. Bega litashuka, kiuno kitapinda upande, vidole vitakufa ganzi, na utaitua mara mbili au tatu kabla hujafika. Sasa itwike kichwani juu ya ngata. Mama aliyezoea atakwenda nayo nusu saa nzima, anazungumza na mwenzake, na pengine ana mtoto mgongoni. Kilo ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali zilipokaa. Mgongo wa binadamu ni kama nguzo ya nyumba: ukiuwekea uzito juu yake wima, hustahimili, ukiuning'iniza uzito pembeni, lazima misuli ivute upande wa pili ili nguzo isianguke, na kuvuta huko ndiko kunakochosha.

Jambo hili limepimwa kwa vyombo. Mwaka 1986 kundi la watafiti, akiwamo Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya, lilichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo wanaotwika mizigo kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba wanawake hao, waliozoea kazi hiyo tangu utotoni, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao pasipo kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Ukipita kiwango hicho, gharama huanza kupanda, na kila kilo inayoongezwa hulipwa. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Naomba uiweke hesabu hiyo kichwani, maana tutairudia tukifika Kilosa.

Askari naye ana shida ambayo mama wa ndoo hana. Hawezi kutwika, kwa sababu kazi yake humtaka akimbie, ainame, alale kifudifudi na kuamka tena, na mikono yake yote miwili iwe mitupu kwa ajili ya bunduki. Kwa hiyo mzigo wake hauna budi kugawanywa kati ya mabega na kiuno. Hapo ndipo ulipozaliwa ule mfumo wa mikanda: mkanda mpana wa kiunoni, mikanda miwili ya kupita mabegani, na mifuko iliyoshonewa au kuning'inizwa humo. Mikanda ya mabega huuzuia mkanda wa kiuno usishuke, na mkanda wa kiuno huyapunguzia mabega kazi. Mifuko ya risasi hukaa mbele na shanta hukaa nyuma, ili uzito wa mbele uvutane na uzito wa nyuma na mtu abaki wima. Ukivaa shanta peke yake utaona unainama mbele kama mzee. Ukiweka kilo tatu au nne kifuani, mgongo hunyooka.

Zamani vifaa hivyo vilitengenezwa kwa ngozi. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani katika nchi yetu walivaa mikanda ya ngozi yenye mifuko ya risasi mbele. Ngozi ni kitu kizuri ikitunzwa, lakini katika nchi ya mvua na jua kali ina kasoro zake: ikilowa hulegea na kurefuka, ikikauka hukakamaa na kupasuka, na isipopakwa mafuta huota ukungu. Mwaka 1908 jeshi la Uingereza lilianza kutumia mfumo mpya uliofumwa kwa nyuzi nene za pamba. Mbele ulikuwa na mifuko 10, kila mmoja ukichukua risasi 15, jumla 150. Risasi moja ya bunduki zao ilikuwa na uzito wa kama gramu 25, hivyo mbele peke yake palikuwa na karibu kilo nne za risasi. Juu ya hizo kulikuwa na chupa ya maji, singe, sepetu, mkoba wa chakula na shanta.

Baada ya hapo mitindo iliendelea kubadilika kufuata bunduki. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa King's African Rifles, wakiwamo Watanganyika waliopelekwa Burma mwaka 1944, walitumia mikanda ya Kiingereza ya mtindo wa 1937, yenye mifuko miwili mikubwa kifuani, kwa kuwa sasa risasi zilikuwa zinakaa katika magazini za bunduki za rashasha. Kisha ukaja mkoba wa Kichina, ambao ndio watu wengi wanauona katika picha. Huu ni kipande cha turubai la kijani kinachofungwa kifuani, mikanda ikipishana mgongoni. Ule wa bunduki aina ya AK una mifuko mitatu mirefu katikati, kila mmoja kwa magazini moja ya risasi 30, na mifuko midogo minne pembeni, miwili kila upande, kwa ajili ya mabomu ya mkono, kichupa cha mafuta na vifaa vya kusafishia bunduki. Vifuniko vyake havina chuma wala vifungo vya thamani, bali vijiti vidogo vinavyopitishwa katika kitanzi cha kamba. Kuna na mwingine wa mifuko 10 kwa bunduki za zamani zaidi, wenye nafasi ya risasi 200.

Uzuri wa mkoba huo ni urahisi wake. Cherehani moja na turubai vinatosha kuutengeneza. Mtu huuvaa mara moja kama fulana, wala hana haja ya kufunga mikanda mitano. Magazini tatu zilizojaa hazifiki kilo tatu, nazo hukaa karibu na kifua, mahali ambapo hazivuti mwili upande na mkono huzifikia bila kutafuta. Anayepanda gari au kuketi hasumbuliwi na mifuko ya kiunoni. Ubaya wake ni kwamba kifua huchemka kwa joto, na ukilala kifudifudi unalala juu ya vyuma. Hata hivyo faida zilizidi hasara, hata majeshi ya Rhodesia yaliyokuwa yakipigana na wapigania uhuru waliouvaa yakaishia kuuiga na kushona ya kwao. Adui kuiga nguo yako ni sifa kubwa.

Sasa twende Kilosa. Kabla ya reli, mizigo ya njia za bara ilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kipimo cha misafara kilikuwa frasila, ambayo ni kama kilo 16, na mpagazi mmoja alichukua karibu frasila mbili. Wanyamwezi walijulikana mno kwa kazi hiyo, na ndiyo asili ya ule usemi wetu kwamba mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914, watu wangeweza kudhani kwamba enzi ya mpagazi imekwisha. La hasha. Mwaka ule ule wa 1914 vita vikaanza, na ngata ikarudi kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana kabla wala baadaye.

Tarehe 22 Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yakitokea Kondoa na Dodoma, yaliingia Kilosa. Wajerumani walikuwa wamevunja madaraja ya reli kabla ya kuondoka, na sehemu ya vikosi vyao ikarudi nyuma kuelekea kusini, upande wa Mahenge. Njia ya kuwafuata ilipitia Ulaya, kijiji cha Kilosa chenye jina hilo, ikapitia nchi ya Mikumi na kushuka Kidodi. Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni karibu kilometa 80. Leo watu wanaiona nchi ile kuwa ya fahari, tembo wanapita na mikumi iliyoipa jina imesimama. Tangu mwaka 1964 sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1916 kiumbe aliyetawala pale alikuwa mbung'o. Katika kampeni ile farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana na magonjwa mengine. Magari yalikuwa machache, na mvua zikinyesha yalizama katika tope. Mnyama aliyebaki wa kubeba mzigo alikuwa binadamu.

Hapa ndipo mkanda wa askari unapotuonyesha siri yake. Zile risasi 150 ni za mapigano ya siku moja, labda mbili. Ile chupa ya maji ni ya asubuhi. Mkoba wa chakula ni wa siku hiyo na kesho yake. Kila mfuko katika mkanda ule umepimwa kwa kudhani kwamba nyuma ya askari kuna kitu kingine kinachokuja: gari, garimoshi au nyumbu, chenye masanduku ya risasi, magunia ya unga, mahema, dawa na machela. Mkanda ule ulibuniwa na watu wa nchi zenye reli na barabara. Katika njia ya Kilosa na Mikumi, kitu hicho kinachokuja nyuma kilikuwa mtu mwenye ngata kichwani.

Upande wa Wajerumani mambo yalikuwa hayo hayo. Vita vilipoanza, kampuni moja yenye askari kati ya 160 na 200 iliandamana na wapagazi kama 250. Maana yake, kila askari mmoja mwenye mkanda alikuwa na zaidi ya mtu mmoja asiye na mkanda. Ukiitazama picha ya askari yule akiwa amenyooka, mifuko yake imepangwa kifuani, basi hesabu kwamba kuna watu ambao mpiga picha amewaacha nje.

Natumaini hujaisahau hesabu ya ndoo. Mzigo wa mpagazi wa jeshi la Waingereza ulikuwa kiasi cha ratili 50, yaani karibu kilo 23, mbali na blanketi lake na vyake mwenyewe. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu mara mbili ya kile kiwango ambacho mwili uliozoea unaweza kukibeba bila gharama. Na wengi wa wapagazi hao hawakuwa watu wa kazi hiyo. Walikuwa wakulima na wafugaji, wengine wakitoka nchi za baridi za milimani, wakaletwa katika nchi za homa, wengi bila viatu.

Tena kuna hesabu ya pili, ambayo ni kali kuliko ya kwanza. Mpagazi naye hula. Tukisema anakula kilo moja ya unga kwa siku, na anatembea kilometa 20 kwa siku, safari ya Kilosa hadi Mikumi ni siku nne, na kurudi siku nne. Katika kilo zake 23 anahitaji 8 kwa tumbo lake, na zinazofika kwa askari ni 15. Ukimpeleka mwendo wa siku sita, zinazofika ni 11. Ukimpeleka mwendo wa siku kumi na mbili, kwenda na kurudi ni siku 24, na unga wote umekwisha kabla hajafika nyumbani: amebeba gunia ili alile mwenyewe. Mahenge iko zaidi ya kilometa 200 kutoka Kilosa kwa njia ya miguu. Kwa hiyo jeshi lililotaka kufika huko lilikuwa na njia tatu tu. Ya kwanza, kuweka maghala njiani na kupokezana, jambo linalotaka wapagazi wengi zaidi. Ya pili, kupunguza posho ya mpagazi. Ya tatu, kuchukua chakula cha wanavijiji waliokuwa njiani. Majeshi ya pande zote mbili yalitumia njia zote tatu.

Matokeo yake yanajulikana. Waingereza peke yao walikusanya kwa vita vile watu wanaokaribia milioni 1 kutoka nchi mbalimbali, kwa mikataba, kwa amri za machifu na kwa nguvu. Mwaka 1917 afisa John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu kwa wingi kutoka Kenya, kwa kuwa waliokuwapo walikuwa wamekwisha kuchakaa. Wapagazi waliokufa upande huo wanakadiriwa na wanahistoria kufika 95,000 na kupita. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Walio wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Moja ya sababu za kuhara ilikuwa ni unga: mtu amefika kambini usiku, amechoka, kuni zimelowa, anakoroga unga mbichi katika maji ya uvuguvugu na kuula, na tumbo lake linaharibika. Mzigo ulikuwa umempunguzia hata nafasi ya kupika. Nako vijijini, baada ya nafaka na ng'ombe na vijana kuchukuliwa, mvua zilipokosekana iliingia njaa. Jirani tu na Kilosa, huko Ugogo, njaa ile iliyoanza mwaka 1917 ilipewa jina la Mtunya, na wazee waliitumia kuhesabia miaka.

Mshahara wa wapagazi nao ulikuwa mdogo kuliko wa askari. Waliokufa au kupotea kwa maelfu, fedha zao zilibaki katika vitabu. Ilisemekana kwamba warithi hawawezi kupatikana, kwa hiyo jamaa zao hawakulipwa. Mkanda wa askari ulipopotea uliandikwa, kwa sababu ulikuwa mali ya Serikali.

Basi ni nini kimebaki cha watu hao? Dar es Salaam kuna jina. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, walikitumia kiwanja cha soko jipya la Wajerumani kuwa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor yake. Maelfu ya watu huenda Kariakoo kila siku kununua vitambaa na vyombo, na hamali wa pale wanaendelea kubeba, lakini ni wangapi wanaojua kwamba wanatamka jina la kikosi? Ipo pia sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ni askari mmoja na bunduki yake yenye singe. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, lakini mwenyewe mpagazi hayupo juu pale. Nairobi waliweka sanamu tatu, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi.

Pengine utasema kwamba hayo ni mambo ya wakoloni, na kwamba mkoba ule wa Kichina niliousifu ulikuja na vita vya namna nyingine. Ni kweli. Tanzania ilipokuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963, wapigania uhuru wengi walipata mafunzo katika nchi yetu, na silaha nyingi zilitoka China. Barabara inayopita katikati ya Mikumi ndiyo iendayo Iringa, ilikokuwa kambi ya Mgagao ya wapiganaji wa Zimbabwe. Na reli inayopita Kilosa ndiyo iendayo Dodoma, upande wa Kongwa, palipokuwa na kambi nyingine. Mpiganaji wa msituni hakuwa na mnyapara wala kundi la wapagazi wa kushurutishwa. Alibeba magazini tatu, maji na chakula kidogo, akatembea. Mkoba wake ulikuwa mdogo kwa sababu vita vyake vilimtaka awe mwepesi.

Lakini hata hapo, ndugu msikilizaji, swali letu halikwisha. Magazini tatu hupigwa zikaisha kwa dakika chache. Tangu FRELIMO waanze vita tarehe 25 Septemba 1964 hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, masanduku ya risasi, mabomu ya kutega na dawa yalivuka Ruvuma na kuingia ndani kwa miguu, siku nyingi za mwendo, na sehemu kubwa yalikwenda vichwani mwa wananchi, wanaume kwa wanawake. Kikosi cha wanawake wa FRELIMO, kilichoundwa mwaka 1967, kilifanya mengi, na moja ya kazi zake za kila siku ilikuwa kubeba zana hizo, na kurudi na majeruhi au mazao. Tofauti ni kubwa kati ya anayebeba kwa kutaka uhuru wake na anayebebeshwa kwa kamba, na ningekuwa mtovu wa adabu kuwachanganya. Hata hivyo shingo ni shingo na kilo ni kilo. Nyuma ya mkoba wa kifuani ilikuwapo ngata.

Sasa niseme maneno machache kwa wale wanaovikuta vitu hivi leo, iwe katika marobota ya mitumba, iwe katika sanduku la marehemu babu. Ukitaka kujua umri wa mkanda wa Kiingereza, angalia upande wa ndani: mara nyingi kuna chapa ya kiwanda, mwaka, na alama ya mshale ya mali ya Serikali. Ule wa Kichina mara nyingi una mhuri wa maandishi ya Kichina ndani ya kifuniko. Usiufue kwa nguvu wala kuupaka rangi. Chapa ikifutika, historia yake imekwenda nayo. Ukikuta risasi au kitu chochote kinachofanana na bomu, usikiguse wala kukipeleka nyumbani. Waite polisi.

Aidha, usiuvae barabarani. Sheria zetu zinamkataza raia kuvaa sare za majeshi au mavazi yanayofanana nazo bila kibali, na si sheria ya kwenye makaratasi tu. Mwezi wa Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku 7 kuyasalimisha mavazi ya namna hiyo. Sababu yake inaeleweka: jambazi akivaa kama askari, mwananchi hawezi kumtambua askari wa kweli, na askari wa hifadhi anayemwona kwa mbali porini mtu mwenye mkoba wa magazini kifuani hawezi kujua kama ndani yake mna spana za baiskeli. Kitu cha zamani cha haki chenye historia kinafaa kupelekwa makumbusho, si mgongoni kwenye pikipiki.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaokusanya mikanda na mikoba hii kwa upendo mkubwa. Wanaijua kwa mwaka, kwa kiwanda na kwa idadi ya vifungo, nao hulipa fedha nyingi kwa ule ambao haujaguswa. Siwalaumu, kwa kuwa kuhifadhi ni kazi njema. Lakini hakuna kabati lenye ngata ya mpagazi wa Kilosa ya mwaka 1916. Haingeweza kuwapo. Ilikuwa ni majani yaliyosokotwa au kitambaa kilichoviringishwa, na mpagazi alipoanguka njiani, mwenzake aliuokota mzigo, na ngata ikabaki porini ikaliwa na mchwa. Katika vifaa vyote vya kubebea mizigo ya vita vilivyopita njia ya Kilosa na Mikumi, hicho ndicho kilichobeba zaidi kuliko vyote, na ndicho pekee ambacho hakikusalia.

Kwa hiyo kinachoweza kuhifadhiwa ni habari. Bado wapo katika nchi hii wazee ambao babu zao walikwenda na Kariakoo ya vita, na wengine ambao wao wenyewe walivusha masanduku Ruvuma. Ewe kijana unayependa mikoba ya zamani, kamuulize mzee wa nyumbani kwenu: nani katika ukoo wetu alibeba, alibeba nini, kutoka wapi hadi wapi, na je, alilipwa? Andika jina na mahali. Walimu wa historia wa Kilosa na Mikumi wanaweza kuifanya kuwa kazi ya darasa, na haitagharimu zaidi ya daftari na kalamu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walimaanisha kwamba uzito usiouhisi shingoni mwako utauona mwepesi siku zote. Wiki ijayo, utakapoona sanduku linateremshwa kwenye lori au gunia linavuka barabara kichwani mwa mtu, piga hesabu ya kilo zake kwanza, kisha umpishe njia. Kwaherini, hadi wiki ijayo.